Sili Hajui Durban

Jumatatu, 12 Agosti
Kamati ya sendofu ya Bupe, ya kumuaga bibi harusi, imekutana kwa Shangazi Doris, Morningside. Sherehe Jumamosi, bustanini kwake. Mshereheshaji bado hajapatikana. Miaka minne Durban sijashika kipaza sauti hata kwenye ubatizo! Pierre-Claver, Mkongo wa kamati yetu, naye anakitaka. Tena anataka tukodi turubai, eti simu yake imetabiri mvua. Mwoga.

Jumanne, 13 Agosti
South Beach kuna sili! Mnyama wa baharini, masharubu ya paka, kitambi cha mjomba. Jana kalala mchangani kutwa, leo jua limewaka. Mchana kaingia majini, jioni mawingu. Nimeelewa! Sili akilala, jua linakuja. Akizama, mvua. Safiyyah, binti anayemlinda, kasema joto tu limemshinda. Nikaitikia kwa adabu. Sikumsikiliza.

Jumatano, 14 Agosti
Nimewaeleza kamati. Wamecheka. Shangazi kauliza kama sili analiwa. Ila kaahidi: Jumamosi ikiwa kavu, kipaza sauti changu.

Alhamisi, 15 Agosti
Upepo wa kusini, baridi, bahari imechafuka. Sili kalala fofofo! Safiyyah kasema bahari ikichafuka ndipo hupanda kupumzika. Maskini, hajui mambo. Nimempigia Shangazi, turubai limefutwa. Pierre-Claver kaniambia, “Mvua iko inakuja, papa.” Wivu.

Jumamosi, 17 Agosti
Mvua. Ya ndoo! Keki imekuwa uji. Wanja wa Bupe umefika kidevuni, analia. Shangazi kajifunika sinia la pilau. Ndipo Pierre-Claver akashusha turubai garini. Kalikodi kimyakimya, mnafiki! Kapewa kipaza sauti. Mimi nimepewa nguzo ya turubai niishikilie, saa tatu nzima, huku akinitania mbele ya waalikwa wote. Nimeumia.

Jumapili, 18 Agosti
Nimemwendea sili. Kalala kwenye manyunyu, raha mstarehe. Nimemsema sana. Safiyyah kanisihi nisogee nyuma, mnyama kachoka, katoka visiwa vya mbali huko kusini. Kumbe mgeni! Angejuaje hewa ya Durban? Wageni hawa wanakuja tu, bila hata kibali, kutuharibia mji. (Changu bado nakisubiri. Mwaka wa nne.)
Harusi yenyewe Jumamosi ijayo. Safari hii nauliza wenyeji. Nimekwenda Westville, tumbili wamenipora mkate na kofia. Dalili safi ya jua. Nimeshamwandikia Shangazi: turubai la nini?