Niliahidi Kutosema, Sikuahidi Kutochimba

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Stendi ya Kahama.

Basi halijafika. Nina mke, nina begi jipya, sina simu. Simu anayo mke.

Yote kwa sababu ya juzi. Sheikh ananiuliza kama nimekubali kumwoa Shadya binti Ahmad, na papo hapo Mihayo, mbia wangu, anapiga kutoka Geita. Duara letu la dhahabu limebakiza kidogo tu litoe mali, liteme, kama tusemavyo wachimbaji. Mtu mwenye hisa kwenye shimo la namna hiyo hazimi simu. Nikapokea. Nikauliza, limetema? Msikiti mzima ukasikia. Sheikh ilibidi aanze upya.

Basi Shadya katoa sharti. Siku zote saba za fungate yetu kule Pangani nisitamke dhahabu, wala mawe, wala duara. Nikitamka, anapanda basi kurudi kwa baba yake Kagongwa, na nisimfuate mpaka niwe nimeuza hisa yangu. Baba mkwe, Mzee Ahmad, alimuunga mkono kabla hajamaliza kusema. Nikaapa. Siku saba kitu gani?

Jumatano, 6 Agosti. Pangani.

Bahari ni maji mengi yasiyo na kazi. Nimeitazama asubuhi, nimeitazama mchana, ni ileile. Shadya kajilaza kwenye kiti kirefu, miwani myeusi usoni, dafu mkononi, ananiambia pumzika, mume wangu. Nimepumzika kama robo saa. Mgongo ukaanza kuuma.

Kisha nikatazama chini. Mchanga unameta! Manjano, punje kwa punje, mpaka kwenye ndala zangu. Wenyeji wanaukanyaga wanakwenda zao. Sikusema neno. Niliahidi kutosema. Sikuahidi kutoona.

Chakula cha jioni, balaa. Meza ya pili kakaa Umesh, yule mwenye duka la misumari na pampu za maji pale Kahama, na mkewe Urvi. Wanasherehekea miaka ishirini ya ndoa. Ati wamekuja kupumzika. Mtu aliyewauzia pampu wachimbaji kutoka Kahama mpaka Buseresere anakuja pwani kupumzika! Akamdanganye mwingine.

Alhamisi, 7 Agosti.

Nimemwona Umesh asubuhi na mapema, kainama ukingoni mwa maji, anaokota kitu, anatia kwenye mfuko wa kitambaa. Aliponiona akauficha mgongoni. Anachukua sampuli. Kwa hiyo si macho yangu peke yangu.

Nikaenda jikoni kumwomba mpishi, dada Kudra, beseni. Kauliza la nini. Nikasema nataka kumwosha mke wangu miguu. Kanipa la buluu, na sabuni juu yake. Nikajibanza nyuma ya majabali, nikaanza kuosha mchanga. Unachota, unazungusha, unamwaga maji, unazungusha tena. Mikono yangu ilifurahi kurudi kazini. Chini ya beseni ukabaki mstari unaong'aa.

Ndipo Shadya akatokea. Kumbe Kudra kamfuata kumpongeza kwa kupata mume. Shadya akaketi juu ya jiwe, akavua ndala, akanyoosha miguu. Ningefanya nini? Nikamwaga utajiri wangu, nikamwosha. Vidole vyote, kimoja kimoja. Alinitazama kwa namna ambayo hajapata kunitazama, hata siku ya harusi. Kwa muda nilisahau kilichonileta pale.

Jioni habari zilimfikia Urvi. Umesh naye kapewa beseni. Alikuwa barazani anasugua kisigino cha mkewe huku akinikodolea macho. Kaniambia mimi ni mtu wa kuwaharibia watu mapumziko. Nikamjibu kwamba ni mila za kwetu. Kasema yeye kazaliwa Kahama, kakulia Kahama, na mila hiyo hajawahi kuisikia.

Ijumaa, 8 Agosti.

Umesh katangulia tena na mfuko wake. Sasa basi. Kwetu mtu akitaka eneo anachomeka vijiti, anazungushia kamba, limekuwa lake. Nimechomeka vinne pale panapometa kuliko kote. Kamba sikupata, nikazungushia kanga za Shadya. Meneja wa hoteli kaja kuuliza ni nini hiki. Nikasema namwandalia bibi harusi sehemu yake ya faragha.

Shadya alikuwa nyuma yangu. Machozi yakamlenga. Kaingia ndani ya zile kanga, kaketi katikati kabisa, hakutoka mpaka magharibi. Chakula kaletewa hapohapo. Amekalia mali!

Nikakaa naye. Tukazungumza nyumba tutakayojenga, na majina ya watoto, na jinsi alivyokuwa akiniona napita mbele ya duka la baba yake na buti zenye tope nikijifanya nauliza bei ya shuka. Alikuwa anajua muda wote kwamba sinunui shuka. Nampenda huyu mwanamke. Naandika hapa kwa sababu hapa hasomi. Lakini angesogea kidogo tu, upande wa kushoto.

Jumamosi, 9 Agosti.

Naandika nimelala kifudifudi, kiuno hakifai.

Shadya alilala baada ya chakula cha mchana. Nikaazima koleo la mtunza bustani, nikashuka. Mchanga wa pwani ni laini, hauna ubishi kama mwamba wa Geita. Punde nimefika kifuani. Vijana wawili wakapita, wakauliza nachimba nini. Nikasema kisima. Kisima, hatua chache kutoka baharini. Wakatazamana, wakaondoka, wakarudi na majembe na ndugu zao. Mmoja aliwahi kufanya kazi machimbo ya Geita, na anamjua mtu anayechimba kisima na anayechimba kingine.

Ilipofika alasiri ufukwe ulikuwa rashi kamili, kama kwetu mali inapoibuka. Watu wanagombea mipaka. Mama mmoja anauza chai na maandazi. Meneja anashika kichwa. Na mimi sijatamka neno hata moja. Hapo naomba nieleweke.

Kisha bahari ikaja. Hakuna aliyeniambia kwamba bahari inahama ilipo! Kwetu shimo likiingia maji unawasha pampu. Hii utaiwashia pampu gani? Kingo zikabomoka, mchanga ukanibana kiunoni, maji kifuani. Wenzangu wote walikimbia. Aliyenitoa ni Umesh, kwa kanga za Shadya alizozifunga pamoja. Alivyokuwa anavuta, mfuko wake ukaanguka, vikamwagika vijigamba vya konokono wa baharini. Vidogo, vyeupe, vizuri. Alikuwa anamwokotea mkewe kwa siri amtungie mkufu. Urvi akaviona vyote. Umesh alinitoa, nakiri, ila hakunipa mkono.

Shadya alikuwa amesimama palepale. Kaniuliza nilikuwa natafuta nini. Nikajibu, kaa wa pwani. Akachota mchanga, akaupuliza kiganjani, akasema hiki kinachometa ni ulanga, hakinunui hata kiberiti, na kwamba alikijua tangu Jumatano kwa kuwa hakukulia Kagongwa, kati ya wachimbaji, bure. Alikuwa anangoja aone nitaishia wapi. Kasema beseni ananisamehe na kanga ananisamehe, maana zile siku mbili zilikuwa nzuri, hata kama zilikuwa za uongo.

Nilitaka kumwambia hazikuwa za uongo zote.

Jumapili, 10 Agosti.

Shadya kanirudishia simu. Kasema nimpigie mama yake nimpe shikamoo, na kwamba ananiamini. Nikaishika kwa mikono miwili. Kabla sijabonyeza, ikaita. Mihayo.

Sikusema dhahabu. Sikusema mawe. Sikusema duara. Nilisema, limetema? Neno moja, na halimo kwenye sharti. Nimemweleza Shadya hivyo akiwa anakunja nguo. Nimemweleza njia nzima mpaka stendi. Nimemweleza dirishani mpaka basi likaondoka.

Na Mihayo alitaka tu kujua kama bahari ni ya chumvi kweli.

Alhamisi, 14 Agosti. Kagongwa.

Nimeuza hisa. Kanunua Mihayo mwenyewe, hakubishana bei, na jambo hilo limeninyima usingizi. Lakini nimeuza. Nyumba tupu ni mbaya kuliko shimo tupu, na kote nimeshakaa.

Nilimsalimu baba mkwe shikamoo, akaitikia marahaba akitazama mbuzi. Nikaachwa uani na kikombe cha chai. Shadya hakutoka mpaka alipompigia Mihayo mwenyewe na kuhakikisha. Alipotoka akakaa karibu yangu, akasema Jumamosi tutarudi pamoja Kahama. Nimelia mbele ya baba mkwe na mbuzi wake. Sioni aibu.

Ijumaa, 15 Agosti. Kagongwa.

Baba mkwe anachimbisha choo kipya nyuma ya nyumba. Nimepita tu kuangalia, kama mkwe yeyote. Udongo mwekundu. Kwenye kina cha magoti kuna mstari mweupe wa jiwe, wa namna ambayo kule Geita hubeba mali, unakwenda chini kwa chini kuelekea jikoni.

Sijasema neno.

Nimewaambia vibarua wakapumzike, kazi hii ataimaliza mkwe. Baba mkwe kanishika bega, kasema labda alinihukumu vibaya. Kisha nimemwomba mama mkwe beseni. Kauliza la nini. Nikasema la kumwosha Shadya miguu. Kasema wabeja, asante, mwanangu, kaenda kulileta anajifuta macho kwa upindo wa kanga.

Shadya alisikia. Katoka na kiti, kakipeleka mpaka nyuma ya nyumba, kakiweka juu ya ule mstari mweupe hasa, kaketi, kavua ndala, kanyoosha miguu. Hajasema kitu naye.

Maji yanapata moto. Mimi namngoja. Hawezi kukaa hapo maisha yake yote.