Magadi kwenye Siti ya Mama Mkwe

Jameni, leo nimepatikana. Wacha niwaambie mwenyewe kabla mwambiwe na wengine.

Mamake Mwende, mchumba wangu, alikuwa anatoka Machakos kuniona mara ya kwanza. Akinikubali, wazee wetu waende kwao mwezi ujao kuanza mambo ya mahari. Akinikataa, basi. Na Mwende alishamwambia mimi sivuti sigara. (Nimeacha mara nne mwaka huu.)

Shida ni gari. Siti zake ni za kitambaa, na kitambaa kinaweka moshi vibaya sana! Saa kumi na mbili asubuhi, hapa Waithaka, nikamwamsha jirani yangu Otieno, dereva wa teksi.

"Pangusa siti na vinega, iache ikauke kabisa," akaniambia huku akipiga miayo. "Ikikauka ndio unyunyize magadi ya unga. Ilale nayo mpaka kesho, kisha upige brashi."

Kesho? Wageni wanafika saa nne! Nikamwaga vinega, nikamwaga magadi juu yake, zote mara moja. Siti ikatoa povu. Nikafurahi eti dawa inafanya kazi. (Mimi na akili zangu.) Nikapangusa juu juu, ikaonekana kavu, nikaondoka.

Nikawachukua River Road, waliposhukia matatu. Mama, na sketi yake nyeusi ya kanisa, akakaa nyuma na Mwende. Akanusa.

"Mwende, kwani hii gari inauza chipsi?"

"Ni vinega, Mama. Nimeosha siti," nikajibu, macho barabarani.

"Na hizo chipsi ziliungua?"

Mwende akanikata jicho kwenye kioo. Nikakanyaga mafuta mpaka Kenyatta Market, tulikokuwa tunaenda kula nyama choma.

Mama akashuka. Yesu wangu! Kumbe sponji ya siti ilikuwa bado imejaa maji. Sketi imelowa nyuma, na magadi yameacha viraka viwili vyeupe, kimoja kila upande. Akina dada wa saluni za hapo sokoni wakaanza kusukumana wakicheka.

Sasa sikieni. Kwa Wakamba, mama mkwe humsogelei. Mnasalimiana kwa umbali, hata mkono humpi. Kwetu Kakamega ni vivyo hivyo, kwa hivyo sina kisingizio. Lakini nilishikwa na kiwewe. Nikanyakua kitambaa cha kupangusia kioo, nikainama, nikaanza kumpangusa mama mkwe makalio. Sokoni! Mchana kweupe! Nilipangusa mara tatu ndio nikaona watu wote wanatuangalia. Hata mkata nyama alikuwa amesimamisha kisu hewani.

Mama akageuka pole pole.

"Kijana, ya sigara nilikuwa nimesamehe. Babake Mwende alivuta miaka mingi, hiyo harufu naijua. Lakini hii?"

Akajifunga leso kiunoni, wakaita teksi, wakaenda zao. Nyama niliyokuwa nimeagiza mapema kwa simu ikaletwa, nikabaki nikiiangalia peke yangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Na hiyo gari bado inanuka, ngojeni niwaambie! Inanuka sigara, inanuka vinega, na siti imekauka ngumu.

Sasa hivi Mwende ameniandikia: "Mama amesema ulete mbuzi wa kuomba msamaha kwanza, ndio wazee wenu waje. Na huyo mbuzi asipandishwe hiyo gari yako."

Atakayecheka hapa ndiye atakayemtembeza mbuzi mpaka Machakos.