Loami, Mkata Miwa wa Nosy Be

Jumatatu, 5 Juni 1978
Msimu wa miwa umeanza, mgongo wangu umekwisha. Karani wa mizani amefariki. Kazi ya kivulini, tena na nyumba ya mabati! Zalifa, mke wangu, yuko kwao Moroni tangu mwaka juzi, Wakomoro tulipochinjwa Mahajanga na nyumba yetu ikateketezwa. Ameandika kwamba harudi kuja kulala katika bweni la wakata miwa. Ana haki. Basi mizani lazima iwe yangu. Tatizo: msimamizi ni mzee wa kanisa, nami naitwa Mouigni. Ukilitamka tu, Mngazidja Mwislamu amesimama mbele yako.

Jumanne, 6 Juni
Nimeazima Biblia ya bibi anayetuuzia vitumbua. Kuisoma, hapana. Natafuta jina. Petro na Paulo wako tele shambani, wote wanakata miwa. Nataka lisilo na mwenyewe. Karibu na mwisho wa Agano la Kale nimeokota Loami. Fupi, safi, lina harufu ya kanisa. Mikidache, ninayelala naye chumba kimoja, anasema mbuzi hata ukimwita Yohana, Idi ikifika atachinjwa. Wivu huo. Hata darasa la nne langu la Unguja hana.

Alhamisi, 8 Juni
Nimekwenda kwa msimamizi. Suruali ya kuazima. Nikajitaja: Loami. Nilisahau jambo moja. Kwa Wabuki, wenyeji wa hapa, jina ni sentensi nzima. Watakuuliza maana yake kabla ya hali yako. Nikasema ni mtu wa mizani ya haki. Hakubisha. Alifungua Biblia yake taratibu akanisomea. Loami ni mtoto wa tatu wa nabii Hosea. Mungu mwenyewe aliagiza aitwe hivyo, siku alipolikasirikia taifa lake. Maana yake: Si watu wangu.

“Ulimkosea nini baba yako, ndugu,” akaniuliza, “hata akakupa jina hili?”

Nikajibu baba hana kosa, nimejipa mwenyewe. Hakucheka. Heri angecheka. Akasema baadaye Mungu aliwaita tena watu wake, ila mimi nimeishia ukurasa wa kwanza. Kisha akasema mizani ameshampa mtu tangu asubuhi. Mikidache! Aliulizwa maana ya jina lake, akajibu haijui, lakini kilo anazijua.

Jumapili, 11 Juni
Mikidache amehamia nyumba ya mabati. Jana alinipimia miwa, akaniita Bwana Si-Watu-Wangu. Foleni nzima ikacheka, na nusu yao tulikimbia pamoja kutoka Mahajanga.

Nimefikiri sana. Kosa langu nimeliona: jina lilikuwa fupi mno. Kuna kiwanda Mahajanga kinatafuta mlinzi, na kibanda cha kulala kipo. Huko walionijua wamekufa au wamehama, naweza kuwa mtu yeyote. Bibi wa vitumbua ameniazima tena Biblia. Nimepata jina zito, la kiaskofu: Ikabodi. Maana yake sikuitafuta; bibi alianza kunieleza, eti utukufu umeondoka, nikamkatiza. Muda hakuna, boti inaondoka kesho. Nimemwandikia Zalifa aanze kufunga mizigo, nikatia sahihi: Mumeo, Ikabodi.