Kiraka Changu Kwenye Mfarishi wa Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Nimepewa kazi ya heshima. Mke wangu amenikabidhi mfarishi wa mama yake niupeleke kwa fundi cherehani. Mama mkwe aliushona kwa mkono, miaka minne: viraka mia moja na kumi na mbili vilivyokatwa kwenye nguo kuukuu za familia, pamba katikati, bitana chini. Alitupa mwaka mmoja baada ya harusi yetu. Sasa pindo limechakaa, linatakiwa jipya. Pindo tu! Mama amesema uzi wake usifumuliwe hata mmoja, na Jumapili anakuja na familia nzima kuuona. Nimeapa.

Kabla ya kutoka, nimemchimba mke wangu kijanja: kiraka hiki cha nani, na kile? Yeye mwenyewe ana kumi na tisa. Mbwa wao aliyekufa zamani ana kimoja, kutoka tandiko lake. Mwanyumba, yule aliyemuoa dada wa mke wangu, ana vitatu, na kimoja ni tai. Mimi: sifuri. Nimehesabu tena kuanzia upande wa pili. Sifuri. Miaka kumi nalala chini ya tai ya Mwanyumba!

Jumanne, tarehe 4
Kwa fundi. Nimekwenda na shati langu la manjano, lile zuri. Nikamwomba, akimaliza pindo, atoe kiraka kimoja, chochote cha Mwanyumba, aweke changu. Fundi alivaa miwani, akapapasa mishono kwa kidole gumba, akauliza ni mkono wa nani. Nikasema wa mama mkwe. Akasema pindo ataweka, lakini ndani hagusi. Kazi ya mkono wa mtu aliye hai haifumuliwi bila mwenyewe kuwepo. Nikamkumbusha kwamba mimi ni mkwe. Akasema ndiyo maana.

Jumatano, tarehe 5
Mfarishi umerudi, pindo safi. Mke yuko kazini, mimi niko likizo. Mwenye shida ndiye mtendaji. Tai nimeiacha, iko katikati, itaonekana imetoka. Nimechagua kiraka cha kahawia chenye mistari, pembeni kabisa. Hicho sikukiulizia, lakini bila shaka ni suruali ya Mwanyumba. Nani mwingine angevaa mistari ile?

Nimekifumua kwa wembe. Hakuna aliyeumia isipokuwa kidole changu. Nikashona cha manjano mahali pake. Kimekaa upande kidogo, lakini kimo! Kwa furaha nikapaka viatu vyangu rangi na kuving'arisha kwa kile kiraka cha Mwanyumba. Siku tamu kama hii sijaiona tangu nipandishwe cheo, na cheo chenyewe kilikuwa cha kukaimu.

Alhamisi, tarehe 6
Balaa.

Tunakunywa chai ya asubuhi, mke wangu ananisimulia kwa upole kuhusu kiraka kimoja cha pembeni. Cha kahawia. Cha mistari. Ni koti la marehemu baba yake. Akimkumbuka sana hulala upande ule, shavu juu yake. Chai imenipalia. Akanipiga mgongoni kwa upendo, nikazidi kukohoa.

Mfarishi uko juu ya kabati, nimeukunja mimi, eti usipate vumbi. Kiraka kiko kwenye boksi la viatu, cheusi tii. Nimemwomba marehemu msamaha kwa sauti. Nimekifua mara nne. Weusi umetoka, kasoro kona moja. Ninamwonea aibu yule mtu aliyekuwa mimi jana.

Jumamosi, tarehe 8
Mke ametoka kwenda sokoni. Nikakaa sebuleni, mfarishi mapajani, nikang'oa kiraka changu na kuanza kumrudisha baba mkwe. Mishono midogomidogo, kama ya mama. Nikajivunia kweli. Nilikuwa nafunga fundo la mwisho niliposikia hodi.

Mama mkwe! Siku moja kabla!

Nikataka kuinuka nimwamkie. Wapi! Nilikuwa nimeushona mfarishi pamoja na suruali yangu. Basi nikamwamkia nimekaa. Mkwe gani anamwambia mama mkwe shikamoo huku ameegemea kiti? Nikasingizia mgongo. Mama, kwa huruma yake, akanishika mkono aniinue. Nikainuka. Mfarishi nao ukainuka.

Aliomba mkasi, akanikatia uzi mmoja mmoja, ule wangu tu, wake hakuugusa. Nilikiri yote, hadi viatu. Akauliza nilikuwa natafuta nini. Nikamwambia mimi simo. Hata mbwa yumo, mimi simo. Nikalalamika kama mtoto, mtu mzima wa miaka arobaini na minne.

Mama akaupindua mfarishi.

“Bitana hii unaijua?”

Kijani. Nimejifunika nayo miaka kumi. Nikasema siijui.

“Ni yale mapazia uliyoninunulia mwaka ulipomuoa binti yangu. Yalikuwa mapana mno, tena mafupi, hayakufika hata nusu ya dirisha. Sikuwa na moyo wa kukuambia. Nikayaweka hapa. Viraka vyote hivi umevishika wewe, mwanangu. Ungetoka wewe, pamba yote ingemwagika.”

Nimelia. Nimejifutia pindo jipya.

Kiraka cha baba mkwe amekishona upya mwenyewe. Changu akasema tutakiweka siku moja juu ya palipochanika, bila kumtoa mtu. Mke wangu aliporudi nikamweleza mwenyewe, kwa amri ya mama. Akakikagua kile kiraka mshono kwa mshono. Kisha akalaza shavu pale pembeni, akasema kinanukia rangi ya viatu, kama baba yake siku za kazi. Akanishika mkono. Sistahili watu hawa.

Jumapili, tarehe 9
Familia imekuja. Nimeutandaza mfarishi kwenye kochi kubwa, kijani juu. Mwanyumba akauliza viraka viko wapi. Nikamweleza kwamba bitana ndiyo inayoshika wote. Nilimweleza mara tano, mara ya mwisho akiwa msalani. Niliporudi sebuleni mama mkwe alikuwa ameshaugeuza.

Sawa. Nimekubali, viraka ni vya kuonekana. Ila jua linavipausha, nimeona kwa macho yangu, na kazi ya mama lazima ilindwe. Kesho naenda dukani. Meta nne za kitambaa cha kijani kama bitana zinatosha kufunika upande wote wa juu. Mshono wake sitaugusa hata mmoja. Ni kwa heshima ya mama tu.