Ramani Chini ya Vifuniko

Alhamisi, 8 Juni

Leo tumeruhusiwa kukagua mali ya marehemu Haugen kabla ya mnada wa Jumamosi. Nikaiona. Ramani ya Nebraska ya 1857, Nebraska yenyewe haijawa hata jimbo la Marekani, imekunjwa ndani ya jalada jekundu la mfukoni. Nusu ya mito imechorwa kwa kubahatisha. Nzuri ajabu! Pengo lake ukutani kwangu, kati ya ramani zangu nyingine, linaingoja miaka.

Taabu ni Orville Tackett, daktari wa meno mstaafu. Naye anaiwinda, na mfuko wake mzito kuliko wangu. Nikatumia akili. Vikorokoro huuzwa boksi zima kwa bei ya kutupa. Nikaichomeka chini kabisa ya boksi la vifuniko vya chupa za jamu. Hakuna aliyeniona. Kichwa ninacho.

Ijumaa, 9 Juni

Mgahawani nimemnong'oneza Orville kwamba ramani ya Haugen ni nakala ya juzijuzi, asijisumbue. Akaniita muungwana, akaninunulia pai. Niliona haya mpaka pai ilipoisha.

Mke wangu Lorene kauliza kama mnadani kuna ramani. Nikasema hata moja. Krismasi niliapa: nikinunua nyingine, nahamia gereji.

Jumamosi, 10 Juni

Zamu ya boksi ikafika. Nikainua kibao cha namba yangu kivivu, kama mtu anayefukuza nzi. Nyuma ya trekta mtu akapandisha bei. Nikapandisha. Akapandisha. Dola arobaini kwa vifuniko! Mnadi akauliza kama chini kuna dhahabu. Watu wakacheka. Orville akageuka kunitazama. Nikashusha mkono.

Mnada ulipoisha nikazunguka trekta nimwone huyo mwendawazimu. Lorene! Kaja kutafutia jamu yake ya stroberi vifuniko.

“Kuna zuzu huko mbele kanipandishia bei, Vern,” akalalamika.

Nikakubali kwamba ni zuzu. Nikajitolea kubeba boksi. Akasema Orville kashamfikishia garini, na kwa shukrani yeye Lorene kamzawadia kiramani kichakavu alichokikuta chini ya vifuniko. Hakutaka kiapo changu kijaribiwe.

Orville akanipa mkono. “Ingekuwa ya kweli nisingeipokea bure, ndugu yangu. Bahati nzuri ulishaniambia ni nakala.”

Leo sitalala.

Jumapili, 11 Juni

Kanisani Orville amekohoa mara mbili. Kifua kile si kizima. Mtoto hana. Siku moja na vitu vyake vitanadiwa.

Nimemwomba Lorene asivimalize vifuniko vyote; siku hiyo nitavihitaji.