Diski Zilizopelekwa Machungani

Jumatatu, 7 Julai 2003
Sabasaba. Mji umelala. Mimi nimeamua. Kompyuta zangu mbili kuukuu zinakwenda sekondari ya wasichana ya Sista Benedikta. Ndizo zilizoanzisha steshenari yangu nilipostaafu ualimu mkuu, wakati ule serikali iliporuhusu biashara na kila mtu hapa Bariadi akawa anafungua kitu. Mwingine alifungua kiwanda cha kuchambua pamba, mwingine baa, mimi chumba cha kuchapa. Sasa nimenunua kompyuta mpya. Kuukuu zifae sadaka. Nia yangu ni safi. Halafu Sista amesema chumba cha kompyuta kitapewa jina la mfadhili.

Machibya, mwenye steshenari ng'ambo ya barabara, ameonekana akipangusa kompyuta yake ya zamani. Lazima nimtangulie.

Kikwazo kimoja. Ndani ya kompyuta hizo umo wasifu. Naeleza. Watu wakifiwa huja kwangu niwaandikie wasifu wa marehemu. Ule wa kwanza nilimwandikia mama mkwe, Kwandu. Nilijituma. Sentensi ya "mikono yake ilinukia mvua ya kwanza" iliwaliza hata wachimba kaburi. Mke wangu Benadetha ameutia kwenye fremu, uko sebuleni juu ya redio, na kila akiufuta vumbi huusoma. Basi kazi nzuri kama ile niitupe? Tangu hapo nabadilisha jina na kijiji tu. Wamezikwa nao wakulima, mwinjilisti na fundi viatu. Kwa misiba ya hapa mjini huondoa sentensi ya mvua. Ya mbali, naiacha. Benadetha hajui. Akijua, fremu itashuka ukutani, na mimi sijui nitalala wapi.

Jumanne, 8 Julai
Nimemwita Rodgers, fundi kompyuta. Anasema atafuta kila kitu mara moja. Nikamuuliza kilichofutwa huenda wapi. Akajikuna, akakiri kwamba mtu mjuzi anaweza kukirudisha. Nilijua! Nimefuta ubao maisha yangu yote. Ukisimama pembeni karibu na dirisha, somo la jana linasomeka.

Akasema ipo njia ya kuandika juu yake mara nyingi mpaka kisisomeke, ila inachukua muda. Muda sina, Machibya anapangusa. Akasema basi tupige nyundo. Nyundo! Mtu aliyesoma hapigi nyundo kumbukumbu.

Nimejifunza kwamba maandishi yote hukaa kwenye diski, kijisanduku cha chuma kinachoenea kiganjani. Nikaagiza zichomolewe zote mbili. Rodgers akauliza kompyuta zitawakaje. Nikamweleza kwa upole kwamba kioo kipo, kibodi ipo, na waya wa umeme upo. Akashika bisibisi. Nadhani alielewa.

Alhamisi, 10 Julai
Diski ziko chini ya godoro. Si mahali pake. Benadetha hugeuza godoro.

Nimepata ufumbuzi, na haukutoka kwenye kitabu cha kompyuta. Umetoka kwa babu zangu. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizi moja. Anamkabidhi rafiki wa kijiji hiki wachache, na jamaa wa kijiji kile wachache. Ugonjwa ukija hauwamalizi, na mwenye jicho baya hajui una wangapi. Anayewatunza hawezi kuwauza. Ng'ombe ni wako mpaka kiama. Benki gani inaweza hayo?

Diski moja itakwenda Lagangabilili kwa Kasmiri, anayenitunzia majike yangu. Nyingine Nyashimo kwa Nkinda, binamu wa Benadetha. Benadetha haendi Nyashimo. Anasema vumbi la barabara kuu linamsumbua kifua.

Jumamosi, 12 Julai
Kazi imekwisha. Kasmiri ameipokea diski kwa mikono miwili, akauliza inakula nini. Nikamwambia haili. Akafurahi, akaifungia kwenye kasha la shuka.

Nkinda alikuja mnadani, nikamkabidhi yake. Aliuliza masharti. Nikamwambia ni yale yale ya ng'ombe. Sikuona haja ya kueleza zaidi. Mtu wa kwetu anayajua.

Jumanne, 15 Julai
Siku ya makabidhiano. Nilivaa suti. Wasichana waliimba. Machibya alialikwa, akakaa mstari wa mbele na miguu ameinyoosha. Nilihutubia kirefu kidogo juu ya historia ya mashine za kuchapa. Kisha Sista akabonyeza kitufe.

Kompyuta ikanguruma. Kioo kikawa cheusi, na mstari mmoja wa Kiingereza ukatokea, kwamba hakuna diski. Ya pili hivyo hivyo. Wasichana wakausoma kwa sauti, wote pamoja, kwa matamshi mazuri.

Machibya akasema, wala hakupunguza sauti, kwamba mwalimu katoa fuvu, ubongo kabaki nao. Sista alikuwa mpole zaidi. Alinivuta kando.

"Mwalimu, ng'ombe asiye na kiwele tutamkamua wapi?"

Nikamwambia kwamba huo ni usalama wa taarifa. Akasema usalama ni mzuri, ila diski anazihitaji mwezi huu, la sivyo atapokea kompyuta ya Machibya na kibao cha mlangoni kitaandikwa ipasavyo. Sitishiki. Nitanunua diski tupu Mwanza. Zangu zitabaki machungani.

Alhamisi, 17 Julai
Msiba. Nyamizi amefariki, shangazi wa Nkinda na wa Benadetha vilevile, mwuza dagaa wa Nyashimo. Mungu amlaze pema. Benadetha anafunga kanga. Nilimkumbusha vumbi na kifua chake. Akachukua kitambaa cha kuzibia pua.

Bado natulia. Diski kwa Nkinda ni chuma tu. Nyumbani kwake hata umeme hana.

Jumamosi, 19 Julai


Tulifika Nyashimo kabla ya ibada. Nkinda akanipokea kwa bashasha kupita kiasi, akaniita shemeji mara nyingi. Wakati wa wasifu alisimama yeye mwenyewe, na karatasi iliyochapwa. Iliyochapwa! Nilitambua herufi zangu kutoka kwenye benchi.

Alisoma vizuri, sikatai. Alipofika kwenye "mikono yake ilinukia mvua ya kwanza," waombolezaji wakatazamana. Nyamizi aliuza dagaa tangu ujana wake. Mzee mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba hiyo labda ni mvua ya Lamadi, mwaloni wanakoshusha dagaa. Benadetha hakucheka. Alikuwa amekaza macho kwenye ile karatasi. Nkinda akaendelea mpaka mwisho, na mwisho aliusahau kuubadilisha: "Lala salama, mama yetu Kwandu."

Nilimkuta Nkinda nyuma ya turubai. Alipeleka diski kwa kijana mwenye jenereta na kompyuta, akafunguliwa. Nikamwuliza nani alimruhusu. Akashangaa kweli.

"Shemeji, ulisema masharti ya ng'ombe. Ninayemlisha, maziwa si yangu?"

Hilo ndilo sharti lenyewe. Ng'ombe ni wa mwenyewe, maziwa ni ya mtunzaji. Akaongeza kwamba diski yenyewe hajaiuza, ipo, na afya yake ni njema.

Kwenye basi Benadetha alikaa dirishani. Njiani akaniuliza.

"Baba Joyness, yale maneno ni ya nani?"

Nikasema ni ya mama yake.

"Na shangazi?"

Nikasema shangazi ameazima.

Akafungua dirisha, vumbi likaingia mpaka Bariadi.

Jumapili, 20 Julai
Fremu imeshuka. Juu ya redio pamebaki pembe nne nyeupe ukutani. Nimelala steshenari, juu ya maboksi ya karatasi.

Asubuhi Benadetha alikuja akasimama mlangoni. Ametoa amri mbili. Diski zirudi zote na ziende kwa Sista kama zilivyo, bila kufutwa, kwa kuwa hakuna tena mtu wa kufichwa. Na Jumapili ijayo ni misa ya kumbukumbu ya mama yake. Nimwandikie upya.

"Safari hii nitasema mimi, wewe utaandika. Mama hakunukia mvua. Alinukia moshi na ugoro."

Nikakaa kibodini. Akaniambia mambo nisiyoyajua. Kwamba mama yake alikuwa mkali. Kwamba alimfukuza mnunuzi wa pamba kwa mchi, mpaka njia panda, kwa sababu mizani yake iliinama kabla ya kuwekewa kitu. Kwamba hakuwahi kumwambia mwanawe anampenda, ila usiku wa baridi alimfunika shuka lake yeye akabaki bila. Hapo Benadetha alijifuta kwa ncha ya kanga. Niliendelea kuandika bila kugeuka.

Jumapili, 27 Julai
Nimeusoma kanisani mwenyewe. Penye mchi watu walicheka. Penye shuka hakuna aliyecheka. Benadetha alinishika mkono mbele ya watu. Fremu imerudi na karatasi mpya. Kitanda pia nimerudishiwa.

Diski ziko shuleni, kompyuta zinawaka. Sista anasema wasifu wa zamani ni zoezi zuri sana la kutafuta jina na kulibadilisha. Kibao cha mlangoni kimeandikwa "Chumba cha Bibi Kwandu." Benadetha alikwenda kuzungumza naye. Mimi sikuulizwa.

Jumatatu, 28 Julai
Amekuja Machibya! Kofia mkononi. Alikuwepo misani. Shangazi yake ni mgonjwa kule Shishiyu; anakula vizuri bado, lakini familia inapenda kujiandaa. Anaomba wasifu wenye uzito kama wa jana. Nilimweleza kwa subira kwamba kazi ya namna hiyo haiwezi kuharakishwa.

Alipotoka nikaufungua ule wa jana. Kwandu nimemfanya Shangazi. Mchi nimeufanya mwiko. Mnunuzi wa pamba nimemfanya mnunuzi wa ng'ombe. Shuka nimeliacha, ni zuri mno. Shishiyu ni mbali, Benadetha hafiki huko.

Nimeuhifadhi kwenye disketi na kuufuta kwenye kompyuta. Jioni disketi inakwenda Lagangabilili kwa Kasmiri. Nimemtaarifu mapema kwamba safari hii ni dume.