Samaki wa Deraya na Tiketi ya Mia

Mtu wa tatu kuingia katika jumba la makumbusho mwezi ule hakulipa. Aliingia mbio, akapiga kona mbili, akajificha nyuma ya samaki.

Mitaani aliitwa Asali, kwa sababu maneno yake yalikuwa matamu, na kila aliyemwonja aliishia kuumwa na nyuki. Asubuhi hiyo alikuwa akifukuzwa na mwalimu wa kwaya, mwanamke wa miraba minne ambaye Asali alikuwa amemuuzia sare thelathini za waimbaji. Sare zilikuwa nzuri kweli. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hazikuwahi kutoka kwenye picha.

Viatu vya mwalimu vilipita nje, vikaishilia mbali. Asali akashusha pumzi, akainua macho, na almanusura apige kelele. Mbele yake palikuwa na kichwa kikubwa kama meza ya watu sita, kimefunikwa mabamba mazito tangu puani mpaka kifuani, mdomo wazi, na ndani ya mdomo vitu vyenye ncha vya kumkata ng'ombe vipande viwili.

"Usimguse," sauti ikasema. "Ukimgusa anabaki na jasho lako, na mimi ndiye ninayefuta."

Alikuwa mwanamke mtu mzima, kitambaa mkononi, fagio kwapani. Wafanyakazi wenzake walimwita Mama Vumbi.

"Samahani, mama. Huyu ni nani?"

"Samaki wa deraya. Huyu ni wa plasta, mfano tu. Mwenyewe aliishi miaka milioni mia tatu na sitini iliyopita. Mjusi wa kwanza hajazaliwa, ua la kwanza halijachanua. Bahari yote ilikuwa yake. Mbele amevaa mifupa kama askari, lakini nyuma, tangu hapa," akagusa mahali mabamba yalipoishia, "nyama laini tupu. Ndiyo maana mikia yao haionekani. Ilioza. Na hayo unayoyaona mdomoni, watu wengi wanadhani..."

Asali alikuwa na kipaji cha kuacha kusikiliza pale pale maneno yanapoanza kuwa na faida. Macho yake yalikuwa yameshatoka dirishani, yanatazama marundo ya viti vya plastiki yaliyopangwa nje, ubavuni mwa ukumbi wa sherehe.

"Vile viti vinangoja nini pale juani?"

Mama Vumbi akaacha kufuta. "Vinangoja chumba hiki. Wakubwa wamesema mwezi ukiisha bila tiketi mia, chumba anapewa mwenye ukumbi, aweke viti vyake. Samaki atapelekwa stoo. Mpaka leo zimeuzwa mbili. Wewe ungekuwa wa tatu, kama ungelipa."

"Nitalipa, mama yangu. Niamini."

"Miaka thelathini nimemfuta huyu samaki," alisema, na sasa hakuwa akiongea na Asali. "Wanangu mwenyewe sikuwaogesha mara nyingi hivyo. Stoo kuna panya."

Mtu mwenye moyo angeguswa. Asali aliguswa pia, lakini mahali pengine. Asali alimjua mwenye ukumbi: mjini walimwita Saruji, maana alichokishika kiliganda mkononi. Na Asali, katika miaka ishirini ya utumishi wake kwa umma, alikuwa amejifunza kwamba mtu bakhili hanaswi kwa kuuziwa kitu. Huachwa aamini kwamba anakuibia.

"Mama," alisema taratibu, "ukinivalia koti jeupe kwa saa moja tu, nitakujazia chumba hiki watu mpaka wakanyagane."

"Mimi sisemi uongo."

"Nani kakwambia useme uongo? Mtu atakuja kukuomba ukatazame samaki. Wewe sema unachokijua."

Mama Vumbi akamtazama samaki, kisha akamtazama yeye.

"Nitasema ninachokijua," alisema. "Si zaidi."

*

Shemeji yake Asali alikuwa fundi wa kunyoosha mabati ya magari, mtu wa maneno machache na nyundo nyingi. Dada yake Asali alikuwa amemwonya siku ya harusi: kaka yangu mpende, ila usimwazime kitu. Fundi alikuwa amefuata nusu ya ushauri huo, ile nusu rahisi.

"Nataka kichwa cha samaki," Asali alisema. "Kikubwa. Cha zamani."

"Cha zamani kiasi gani?"

"Milioni mia tatu na sitini."

Fundi akafikiri. "Nina boneti ya teksi ya zamani zamani."

Wakaigonga boneti, wakaongeza matao ya matairi mawili, wakapaka plasta, juu yake saruji, juu yake maji ya majani ya chai yaliyochemka mpaka kuwa meusi. Siku ya tatu dude lilikuwa limekaa uani nyuma ya gereji, limenuna. Fundi mwenyewe akapita mbali nalo.

"Bado meno," Asali alisema.

"Yanatosha hayo mawili uliyochora."

"Shemeji, nani ananunua jinamizi lisilo na meno?" Akavunja vigae vyeupe vya bafuni, akachonga meno arobaini na mawili, akayapanga safu mbili kama abiria. Kichwa kikaelemewa, kikainama mbele. Asali akatazama huku na huku, akachukua jiwe jeusi lililokuwa chini ya gurudumu la gari moja bovu, akalisukuma chini ya kidevu.

"Hilo jiwe langu la kuzuilia magari," fundi alilalamika. "Lilikuja na kokoto, ndilo pekee halivunjiki."

"Utalipata. Niamini."

Ndugu msomaji, mtu anayekwambia mara mbili umwamini, mwamini mara moja tu, kisha ufunge mlango.

*

Saruji alikuja Ijumaa asubuhi. Alikuwa amesikia, kwa mpangilio ambao aliudhani ni bahati, kwamba kuna mchimba kokoto mjinga aliyeokota samaki wa mawe na hajui thamani yake. Naye si mtu wa kuchezewa. Alipitia kwanza makumbusho kwa siri, akamchukua mtaalamu, mama mmoja mwenye koti jeupe aliyemkuta akimkagua samaki kwa kitambaa. Kwa miaka kumi mama huyo alikuwa akifagia mbele ya ukumbi wake, na Saruji hakuwa amewahi kumtazama usoni. Koti lilikuwa la muuza nyama, limefuliwa mara mbili.

Asali aliwapokea akiwa amejipaka vumbi, kofia mkononi, mdomo wazi nusu.

"Shikamoo mzee. Mimi nilikuwa natafuta kokoto tu, likatokea hili. Mke wangu anasema nilitupe, linamtisha."

"Usitupe, usitupe," Saruji alisema haraka mno, kisha akamgeukia mtaalamu na kunong'ona. "Daktari, vipi?"

Mama Vumbi akalizunguka dude polepole. Akainama, akachungulia mdomoni.

"Samaki hawa hawakuwa na meno," alisema.

Nyundo ya fundi ilisimama hewani. Asali alihisi vumbi usoni mwake likigeuka tope.

"Hawakuwa na meno?" Saruji aliuliza.

"Hata moja. Walikuwa na mifupa ya taya yenye makali, inasagana, inajinoa yenyewe kama mkasi. Huyu ana meno arobaini na mawili." Akasimama wima. "Samaki kama huyu hajawahi kuonekana popote duniani."

Macho ya Saruji yakapanuka. "Popote?"

"Miaka thelathini niko katika kazi hii. Sijamwona, sijamsoma, sijamsikia. Ukimweka ukumbini kwako, mjini hatakuwapo mwenye kama huyu."

"Na hii rangi yake?"

"Rangi hii," alisema Mama Vumbi baada ya kunusa, "ni ya majani."

"Majani ya baharini!" Saruji alinong'ona kwa heshima.

Asali angempigia makofi. Neno moja la uongo halikuwa limetoka kinywani mwa yule mwanamke. Lakini Mama Vumbi alikuwa amekwisha kuacha kumsikiliza kila mtu. Alikuwa ameona kilichokuwa chini ya kidevu. Akapiga magoti kana kwamba anafunga kiatu, akapitisha vidole juu ya lile jiwe jeusi: mkunjo, ncha mbele, na ukingo laini unaong'aa, uliosagwa na mwenzake. Mkunjo huo alikuwa ameufuta kila asubuhi kwa miaka thelathini, katika plasta. Mkono ulijua kabla ya jicho. Machozi yalimlengalenga, akakohoa na kusingizia vumbi.

Juu yake biashara ilikuwa ikiendelea.

"Mimi sitaki makubwa, mzee," Asali alikuwa akisema. "Ningepata tu kagari ka kubebea kokoto..."

"Nina pikapu," Saruji alisema, akijitahidi asicheke. "Nzima. Inatembea."

Wakashikana mikono, kila mmoja akimhurumia mwenzake. Baada ya nusu saa vijana wanane wa Saruji wakampakia samaki kwenye lori, na pikapu ikabaki uani na ufunguo wake.

"Sasa mama," Asali alisema kwa furaha, "nikupe nini? Sema."

"Hilo jiwe."

"Lipi? Hili la gurudumu?" Asali alicheka mpaka akashika boneti ya pikapu. "Shemeji, umesikia? Anataka jiwe!"

"Mpe," fundi alisema. "Nitatafuta tofali."

"Lakini kazini kwetu hatupokei kitu bila karatasi," Mama Vumbi alisema, akitoa fomu mfukoni mwa koti. "Sahihi hapa, kwamba umelitoa kwa hiari yako. Na picha moja ndogo, ya kuweka kwenye kibao cha mtoaji."

Huyu ni mtu aliyekula miaka ishirini kwa sababu watu hutia sahihi bila kusoma. Akatia sahihi bila kusoma. Picha alikuwa nazo bahasha nzima, zenye masharubu na zisizo nayo. Siku hiyo alikuwa na furaha, akatoa ile ya kweli, ambamo anatabasamu.

Aligundua baadaye kidogo, alipotaka kuondoka, kwamba pikapu ilikuwa na gia moja tu inayofanya kazi, nayo ni ya kurudi nyuma. Akaenda nayo kwake kinyumenyume, mitaa tisa, akiwapungia watu mkono.

*

Siku ya nne baada ya biashara ile, mfagizi wa ukumbi wa sherehe alimfuta samaki wa Saruji kwa kitambaa kibichi. Chini ya majani ya baharini pakatokea rangi ya bluu, na chini ya bluu neno TEKSI.

Wiki mbili baadaye walimu wa chuo kikuu walifika makumbusho na hadubini zao, wakalipima lile jiwe, wakapeana mikono, wakaomba kiti. Lilikuwa taya la kweli la samaki wa deraya. Gazeti likachapa habari, na pamoja na habari picha ya kibao: taya juu, na chini yake, akitabasamu, mtoaji.

Asali hakuwa msomaji wa magazeti. Habari aliipata kwa shemeji yake siku ya mwisho ya mwezi, na aliipata nusu.

"Lile jiwe langu lina thamani kuliko gereji," fundi alisema. "Watu wamepanga foleni mpaka barabarani."

Asali akavaa miwani myeusi, akaingia kwenye pikapu, akaenda kinyumenyume kudai haki yake. Kweli foleni ilikuwepo. Wapenda elimu, alijiambia, akaipita kwa madaha mpaka mezani, alipokaa Mama Vumbi na kitabu cha tiketi.

"Mama yangu! Mimi ndiye mwenye jiwe. Nimekuja kulichukua."

"Mwenye jiwe alilitoa, kwa sahihi yake. Tiketi."

"Lakini..."

"Mbili. Ya leo, na ile uliyosema nikuamini."

Watu nyuma walianza kusukuma. Asali akalipa. Mama Vumbi akakata tiketi ya tisini na tisa, akakata ya mia, akaishika ile ya mia kidogo kabla ya kumpa.

Ndani, chumba kilijaa pomoni. Taya jeusi lilikuwa kwenye kioo, zuri, la kutisha. Hakuna aliyekuwa akilitazama. Wote walikuwa wamekizunguka kibao, na Asali akawatambua mmoja mmoja kwa migongo yao: mzee aliyenunua dawa ya kuotesha nywele, mapacha walionunua mbuzi wa picha, kinyozi, mkunga mstaafu. Pembeni, ametokwa na jasho, Saruji. Na mbele kabisa, kidole juu ya lile tabasamu, mwalimu wa kwaya.

"Nataka tu kujua," mwalimu alikuwa akisema, "anaishi wapi huyu."

Asali alianza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, uso mbele, tabasamu tayari. Kisigino kikakanyaga mguu wa mtu. Miwani ikaanguka.

Waliokuwepo wanasema hawajawahi kuona makumbusho yakitoka mbio. Asali aliruka ndani ya pikapu, akawasha, na gari likafanya jambo pekee lililolijua. Akakimbia kinyumenyume, akiwatazama usoni wote waliomfukuza, akiwapungia, akiwaita "jamani" na "ndugu zangu" kupitia kioo, asali ikimtoka kwa mapipa. Mbele alikuwa na kinga ya kutosha. Nyuma hakutazama.

Nyuma kulikuwa na viti mia nne vya Saruji, vimepangwa hadi usawa wa dirisha, vikingoja chumba.

Kishindo kilisikika mitaa mitatu. Viti vilipoacha kuanguka, mwalimu wa kwaya alikuwa wa kwanza kufika. Alivitoa kimoja kimoja, bila haraka, mpaka uso ukaonekana.

"Waimbaji thelathini," alisema. "Vipimo ninavyo hapa. Unajua kushona?"

Mama Vumbi hakutoka kwenda kutazama. Chumba kilikuwa kimebaki kitupu, sakafu imejaa nyayo za watu, na yeye alikuwa na vishina mia moja vya tiketi mezani. Akavihesabu tena. Kisha akachukua fagio, akaanza kwa samaki.